Nani Kasema Asali?

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Redio alikuwa ameshaanza kutangaza. Hilo si jina alilopewa alipozaliwa. Alibandikwa na babu yake, kwa sababu tangu mtoto huyo ajue kusema hakuna aliyefanikiwa kumzima.

"Babu, leo kuna mawingu. Jirani ameanika nguo zake zote, zitalowa. Na paka wake yuko juu ya ukuta, ananitazama kwa dharau."

"Mwache, labda wewe ndiye uliyeanza," babu alijibu huku akipapasa meza akitafuta kikombe.

Redio alisogeza kikombe kikagusa vidole vya babu. Alipenda maneno, hilo halina ubishi, lakini hakutangaza kwa ajili ya maneno tu. Babu alikuwa haoni vizuri. Alikuwa fundi saa, mtu aliyezoea kufungua saa za wanawake, zile ndogo kabisa, na kuchomoa ndani yake magurudumu madogo kuliko punje ya mchele. Kisha ukungu ukaanza kumwingia machoni kidogo kidogo, mpaka akafunga meza yake ya kazi. Hospitalini walimwambia ana mtoto wa jicho, yaani kile kioo kilichomo ndani ya jicho kimefifia. Sasa watu aliwatambua kwa sauti zao. Herufi aliziona zikiwa kubwa na nyeusi tu, tena akizisogeza karibu na pua.

Mama aliingia akitoka kazini. Alikuwa mwokaji mikate, anayetoka nyumbani wenzake wakiwa wamelala, na asubuhi hiyo unga ulikuwa bado umemkaa kwenye nyusi.

"Baba, madaktari wa macho wanakuja hospitali yetu Jumatatu. Watakaa wiki nzima wakifanya upasuaji. Safari hii utakwenda."

"Kisu ndani ya jicho!" babu alisema. "Wewe ungekubali?"

"Ningekubali kama nisingekiona ninachokula."

"Ninachokula nakijua kwa ladha. Kwa mfano, uji wa leo hauna sukari."

Walicheka wote, na mazungumzo ya upasuaji yakaishia hapo. Ndivyo yalivyokuwa yakiishia kila mara. Babu alikuwa hodari wa kuficha hofu yake nyuma ya mzaha, na Redio, aliyekuwa akicheka kuliko wote, hakuwahi kuliona hilo.

Shuleni, darasa lake lilikuwa likijifunza kutengeneza kurasa za tovuti. Mwalimu wa kompyuta alikuwa mwanamke mpole asiyependa kurudia neno. Aliwapa kazi: kila mwanafunzi atengeneze ukurasa mmoja wa kumfaa mtu fulani nje ya shule, nao utawekwa kwenye tovuti ya shule.

"Na siku ya majaribio," mwalimu alisema, "mtu asiyejua lolote kuhusu kazi yako ataufungua ukurasa wako mbele yako. Wewe utakaa pembeni umefunga mdomo. Ukilazimika kumweleza pa kubofya, jua kwamba ukurasa ndio ulioshindwa, si yeye."

Darasa zima liligeuka kumtazama Redio.

"Mwalimu, huyu atapasuka," alisema Msumari, mvulana mwembamba aliyekaa kiti cha jirani yake. Hata mwalimu alishindwa kujizuia kucheka.

Redio alichagua kuandika kuhusu madaktari wa macho. Alipita hospitalini akanakili tangazo lililobandikwa langoni: siku watakazofanya kazi, chumba, saa za kujiandikisha, na vitu vya kuja navyo. Aliporudi kwenye kompyuta akaona maneno yote yamekwisha na ukurasa bado mweupe. Akachungulia kwa Msumari. Ukurasa wa Msumari ulihusu timu ya mpira ya mtaani, ulikuwa mrefu usio na mwisho, na mpira ulikuwa ukidundadunda kutoka pembe hii hadi ile.

"Wako una kipara," Msumari alimwambia.

Maneno hayo yalimwingia. Redio akaanza kuuvisha ukurasa wake. Akaweka rangi ya waridi nyuma, herufi za manjano zenye mikia, na maua yanayoyumba pembeni. Bado ukaonekana mfupi. Akaingia kwenye mtandao kutafuta chochote kuhusu mtoto wa jicho, akaangukia ukurasa uliojaa matangazo ya biashara. Katikati ya matangazo hayo paliandikwa kwamba tone la asali kila jioni huondoa ukungu wote wa macho, wala hakuna haja ya kisu. Aliyeandika hakujitaja. Hapakuwa na tarehe, wala hakuna aliyesema amejuaje. Lakini maneno yalikuwa matamu na yalijaza nafasi vizuri. Redio akayanakili yote, akayapa kichwa cha habari, akaegemea kiti kuutazama ukurasa wake kwa fahari.

Jioni ile aliazima simu ya mama, akaufungua kwenye tovuti ya shule, na kumsomea babu kuanzia juu hadi chini. Alisoma kwa sauti ya taarifa ya habari, akinyoosha kila neno. Babu alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Rudia hapo pa asali," babu alisema.

Redio akarudia. Moyo wake ulijaa furaha, maana si kila siku mtu humwomba Redio arudie.

"Na haya umeandika wewe mwenyewe, kwenye kompyuta ya shule?"

"Mimi mwenyewe, babu!"

"Vizuri sana, mjukuu wangu. Vizuri sana," babu alisema.

Jumatatu ikafika, madaktari wakafika, na siku hiyohiyo ikawa siku ya majaribio. Aliyeletwa kujaribu ukurasa wa Redio alikuwa karani wa shule, mama mmoja mwenye haraka zake, ambaye hata akiketi huonekana kama anasimama.

"Afadhali huu," karani alisema. "Nina shangazi yangu mtu mzima, macho yanamsumbua. Nataka kujua nimpeleke kwa nani, lini, wapi."

Redio aliuma midomo. Karani alikunja uso mbele ya herufi za manjano. Akasogea mbele, akarudi nyuma. Akabofya ua, ua likaendelea kuyumba. Akabofya ua jingine. Redio alikalia mikono yake ili isinyooshe kidole. Siku ya kujiandikisha ilikuwa pale chini kabisa, baada ya maua yote na baada ya asali. Karani hakufika huko. Alisimama kwenye asali.

"Hii ya asali nani kasema?" aliuliza.

Redio alimtazama mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa: usijibu. Lakini hata kama angeruhusiwa, angejibu nini? Hakujua nani kasema. Alitafuta kichwani, akakuta hakuna mtu yeyote, ila matangazo ya biashara tu.

"Mimi nitapiga simu hospitali," karani alisema akiinuka. "Pole, mwanangu. Maua ni mazuri."

Redio alirudi nyumbani bila kumsemesha mtu njiani. Alipofungua mlango alimkuta mama amesimama katikati ya sebule, bado amevaa nguo za kazi. Babu alikuwa kwenye kiti chake, na jicho lake la kulia lilikuwa jekundu, limevimba, linatiririka machozi.

"Amekataa kwenda kujiandikisha," mama alisema. "Anasema dawa anayo. Nimeikuta chini ya mto: kikombe cha asali! Amekuwa akijitia jichoni tangu wiki iliyopita, na leo ndipo limevimba."

"Inawasha kwa sababu inafanya kazi," babu alisema kwa ukaidi. "Na sikuokota barabarani. Mjukuu wangu mwenyewe ameandika kwenye kompyuta."

Redio aliogopa, tena aliogopa kweli. Angeweza kunyamaza, mama hakuwa ameusoma ukurasa ule. Lakini jicho la babu lilikuwa pale mbele yake.

"Babu," alisema, "niliandika bila kujua. Nilinakili mahali. Sijui aliyeandika ni nani. Nilitaka tu ukurasa uwe mrefu."

Babu alijifuta shavu kwa leso.

"Ulisoma kwa sauti ya mtu anayejua," alisema taratibu. "Nami nikakuamini. Sasa juzi ulisema hivi, leo unasema vile. Kesho je? Niacheni nipumzike. Hospitali siendi."

Redio alilia. Mama hakumgombeza. Alimpa maji ya kunawa uso, kisha akasema, "Machozi hayatamtoa babu yako kwenye kile kiti. Twende tukamtafute anayejua."

Hospitalini walimkuta muuguzi wa macho akipanga kadi za wagonjwa wa siku hiyo. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Mama alipomweleza, muuguzi aliacha kadi akamgeukia Redio, wala hakumkaripia.

"Asali ya jikoni haiondoi mtoto wa jicho," alisema. "Kile kioo kimefifia kwa ndani, na tone la juu halikifikii. Zaidi ya hapo, linaweza kuingiza vijidudu. Mleteni haraka. Jicho likiwa na uchafu hatuwezi kulipasua, na madaktari wakimaliza wiki wanaondoka. Sijui watarudi lini."

"Anaogopa kisu," Redio alisema, na aliposema hivyo ndipo yeye mwenyewe alipotambua kwamba ni kweli, na kwamba ilikuwa kweli siku zote. "Naomba nikuulize maswali yake yote. Yale anayoyafanyia mzaha."

Muuguzi akavuta kiti. Je, inauma? Hapana, jicho hutiwa ganzi kwanza. Mgonjwa husikia kuguswa tu. Je, atakiona kisu kikija? Hapana, ataona mwanga. Wanafanya nini humo ndani? Wanakitoa kioo kilichofifia na kuweka kingine safi. Kisha? Jicho hufunikwa, na kesho yake hufunguliwa. Redio aliuliza, akaandika, akamsomea muuguzi alichoandika, na pale alipokosea muuguzi alimsahihisha. Mwishowe Redio aliuliza swali moja la kwake.

"Nikiandika haya, naruhusiwa kusema kwamba ni wewe uliyesema?"

"Andika jina langu na kazi yangu," muuguzi alisema. "Andika na tarehe ya leo. Mtu akitilia shaka, aje aniulize. Nashukuru umekuja, mwanangu. Wengi huandika tu."

Kesho yake asubuhi na mapema, kabla ya kengele, Redio alikuwa kwenye chumba cha kompyuta. Msumari alikuja kumsaidia, maana kwa kompyuta alikuwa na mkono mwepesi kuliko ulimi wake. Waliyaondoa maua. Walifanya nyuma iwe nyeupe, herufi nyeusi, kubwa, zilizonyooka. Siku, saa na chumba vikapanda juu kabisa, ili mtu asitafute. Yakafuata maswali ya babu na majibu ya muuguzi, sentensi fupifupi, na chini yake jina la aliyejibu na tarehe.

"Ya asali je?" Redio aliuliza.

"Futa tu," Msumari alisema. "Nani atajua?"

Kidole cha Redio kilisimama juu ya kitufe. Kufuta kulikuwa rahisi mno. Mwalimu wa kompyuta, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote, alisema, "Ukifuta, itatoka kwenye ukurasa. Itatoka pia vichwani mwa walioisoma?"

Maji yalikuwa yameshamwagika, na Redio alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle chumbani. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hata hivyo akaandika, juu, mahali pa kuonekana na kila mtu: "MAREKEBISHO. Wiki iliyopita niliandika hapa kwamba asali hutibu mtoto wa jicho. Si kweli, na ni hatari. Nilinakili bila kuuliza. Kama umejitia asali, nenda hospitali leo. Samahani." Akaweka na jina lake mwenyewe.

Msumari alisoma, akapuliza pumzi. "Una moyo, wewe," alisema, na mara hii hakuwa akitania.

Mwalimu alimwandikia ruhusa ya kurudi nyumbani. Babu alikuwa kwenye kiti chake kilekile. Redio hakusoma kitu. Alikuza maandishi ya simu mpaka yakajaa skrini, akampa babu mkononi, akakaa sakafuni akafunga mdomo.

Babu alisogeza simu karibu na pua, akatumia lile jicho la kushoto lililokuwa na nafuu. Alisoma polepole, neno baada ya neno, kwa kunong'ona. Alipofika kwenye marekebisho alisimama. Akayarudia. Kisha akaendelea chini, kwa muuguzi, na midomo yake ikatamka, "ataona mwanga." Redio alitamani sana kusema kitu. Alikaa hivyohivyo.

"Haya maswali," babu alisema hatimaye, "mimi sikumuuliza mtu."

"Hapana, babu."

"Lakini ni yangu." Aliitazama simu tena. "Na hapa umejianika mbele ya watu wote. Kwa nini hukuifuta tu?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa umeshaisikia."

Babu alipapasa ukuta akatafuta fimbo yake. "Niletee viatu," alisema. "Na mwambie mama yako asianze kushangilia, nisije nikabadili mawazo."

Jicho la kulia lilihitaji dawa kwanza, na muuguzi alisema watalitazama baadaye. La kushoto lilikuwa salama. Babu akafanyiwa upasuaji siku moja kabla madaktari hawajaondoka, na siku hiyo Redio hakumkumbuka paka wala mawingu. Alikaa kwenye benchi la korido akimwomba Mungu. Pembeni yake aliketi bibi mmoja mzee, na karibu na bibi huyo alisimama karani wa shule.

"Huyu ndiye shangazi yangu," karani alisema. "Nilipiga simu hapa, simu inaita tu. Jana nikaufungua tena ukurasa wako, na mara hii sikubofya ua hata moja. Nimepata siku, saa na chumba kabla sijakaa vizuri. Asante, mwanangu." Na bibi yule mzee akamshika Redio mkono, hakuuachia mpaka alipoitwa jina.

Kesho yake muuguzi alivuta pazia, mwanga ukaingia. Mama na Redio walisimama miguuni mwa kitanda wameshikana. Muuguzi aliondoa bandeji taratibu, akalisafisha jicho, akasema, "Fungua, mzee wangu. Usiwe na haraka."

Babu alifungua. Alipepesa, akapepesa tena. Aliitazama dari, akautazama mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akamtazama binti yake na kusema, "Kumbe umepata mvi!" Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Mwishowe jicho likamfikia Redio, likatulia hapo.

"Huyu msichana mrefu ni nani?" babu aliuliza. "Mimi namjua mtoto asiye na meno ya mbele."

Redio alimkumbatia mpaka muuguzi akasema basi, mgonjwa asitikiswe. Babu alimkalisha kando ya kitanda.

"Asante, mjukuu wangu."

"Usinishukuru mimi, babu. Mimi ndiye niliyekuletea asali."

"Sikiliza," babu alisema, na mara hii hakukuwa na mzaha sautini mwake. "Mimi nilikuwa nikitafuta mtu wa kuniambia nisiende. Ukurasa wako ukaniambia. Unapoandika, kumbuka kuna mtu mwenye hofu huko anasoma, naye ataliokota lile neno linalompendeza. Kwa hiyo muulize anayejua. Msomaji naye mwambie ulimuuliza nani. Umwandikie kwa herufi atakazoziona, kile anachokihitaji kiwe mbele. Hiyo ndiyo heshima unayoweza kumpa mtu usiyemwona."

"Nami nilikosea yote, babu."

"Ulikosea. Watu wengi hukosea, wakafuta, wakaenda zao." Babu alimshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea dirishani ili amwone vizuri. "Wewe ulirudi. Ndiyo maana leo nakuona."